Karani Atengenezapo Programu, Dhamana Ni ya Nani?

*Zana za kuunda programu bila ya kuandika msimbo zimemfikishia mfanyabiashara uwezo uliokuwa wa mafundi peke yao. Pamoja na uwezo huo umekuja wajibu ambao aghalabu hauna mwenyewe.*

Tarehe 24 Mei 2021 mtafiti wa UpGuard, kampuni ishughulikayo na usalama wa data, aligundua kwamba tovuti moja iliyoundwa kwa zana ya Microsoft Power Apps ilikuwa ikimpa taarifa za watu kila aliyeziomba, bila ya kumwuliza jina wala nenosiri. Uchunguzi ulipoendelea ilidhihirika kwamba tovuti hiyo haikuwa peke yake. Taasisi 47, miongoni mwao shirika la ndege la American Airlines, kampuni ya magari ya Ford, idara za afya za majimbo ya Indiana na Maryland, na hata Microsoft yenyewe, zilikuwa zimeacha wazi jumla ya kumbukumbu milioni 38.

Ndani yake mlikuwamo majina na anwani za barua pepe, nambari za wafanyakazi, miadi ya chanjo, habari za watu waliofuatiliwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, na nambari za hifadhi ya jamii za waombaji wa kazi.

Lililo zito katika mkasa huu ni namna ya kosa lenyewe. Hakuna mwizi aliyevunja ulinzi, wala hakuna mstari wa msimbo ulioandikwa vibaya. Tovuti zile ziliundwa kwa kuchagua na kupanga, kama zana ilivyowaelekeza waundaji, na mwundaji alipowasha huduma ya kuiwezesha orodha yake isomwe na programu nyingine, ruhusa za kulilinda jedwali zilikuwa zimezimwa tangu mwanzo, zikingoja aziwashe kwa mkono wake. Onyo lilikuwamo katika maelezo ya zana, lakini ni wachache waliolizingatia.

Microsoft ilipoarifiwa mwezi wa Juni ilijibu kwanza kwamba zana ilikuwa ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Baadaye, ilipotambua ukubwa wa jambo, iligeuza mpangilio ili ruhusa ziwe zimewashwa tangu mwanzo, na mwezi wa Agosti habari ikatangazwa ulimwenguni.

Swali lililobaki ni la dhamana, nalo linazihusu biashara za Dar es Salaam na Mombasa sawasawa na zile za Marekani. Maadamu chombo cha kuunda programu kimekwisha kukabidhiwa karani wa bohari, mhasibu, mwuguzi na ofisa wa mauzo, na maadamu hapana wa kuwapokonya wala sababu njema ya kutaka wapokonywe, ni nani atakayeulizwa siku taarifa za watu zitakapoanikwa hadharani, au siku hesabu za tajiri zitakapokuwa hazisemi kweli?

Shauku ya miaka mingi

Shauku ya kumfanya mwenye kazi aiamrishe kompyuta mwenyewe ina umri unaokaribia ule wa kompyuta za biashara. Katika miaka ya 1950 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa pia ofisa wa jeshi la wanamaji, aliongoza kazi ya kuunda FLOW-MATIC, lugha ya kompyuta iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza mahali pa alama za hisabati, akiamini kwamba si insafu kumlazimisha mtu wa biashara ajifunze alama ndipo apate hesabu ya mishahara. Lugha hiyo ndiyo iliyoathiri sana COBOL, iliyoanza kubuniwa na kamati mwaka 1959, na ambayo ingali ikiendesha hesabu za mabenki mengi mpaka leo.

Hata hivyo COBOL ilihitaji wajuzi wake, na mwenye duka aliendelea kungoja. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchoshwa na kufuta safu nzima za tarakimu kila moja ilipobadilika, alishirikiana na Bob Frankston kutoa VisiCalc, lahajedwali iliyojihesabia upya yenyewe. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Mhasibu aliyeandika fomula katika jedwali lake alikuwa amekwisha kuunda programu, ijapokuwa hakuna aliyemhesabu miongoni mwa mafundi.

Zana za siku hizi zimeichukua fikra hiyo zikaisogeza mbele. Kampuni ya OutSystems ilianzishwa Lisbon mwaka 2001, na Mendix ilianzishwa Rotterdam mwaka 2005 kabla ya kununuliwa na Siemens ya Ujerumani mwaka 2018; wachambuzi wa kampuni ya Forrester ndio walioipa jamaa hii ya zana jina la msimbo haba mwaka 2014; na wakubwa wa teknolojia hawakukawia, kwani Microsoft ilitoa Power Apps mwaka 2016, na Google ikainunua AppSheet mwezi wa Januari 2020.

Zana hizo ni za namna mbili. Zile za msimbo haba humpunguzia fundi kazi, zikimpa vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kumwachia aandike machache yaliyobaki. Ilhali zile zisizo na msimbo kabisa humwelekea mtu asiye fundi, ambaye huburuta visanduku kwa kidole, huchagua katika orodha, na kuandika kanuni zinazofanana na fomula za lahajedwali. Mpaka baina ya namna hizi mbili ni mwembamba, na kila mwaka huzidi kufifia.

Afrika Mashariki si ngeni katika mambo haya, na mlango yalioingilia ni ule wa afya. Zana ya Open Data Kit, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ilitumiwa katika siku zake za awali magharibi mwa Kenya na mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, ambako washauri waliokwenda nyumba hadi nyumba kupima virusi vya UKIMWI walijaza fomu katika simu badala ya karatasi. Mfumo wa DHIS2 wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao ofisa wa takwimu huweza kuupangia fomu na ripoti bila ya kuandika msimbo, ulienezwa Kenya nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo ukaenea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa na mkono katika kuuendeleza.

Mifuko arobaini ya saruji

Ili jambo lieleweke vyema, na tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye vituo viwili vya mauzo na ghala moja, ambalo karani wake ameamua kuachana na daftari. Anafungua jedwali katika Google Sheets, anaandika vichwa vya safu: jina la bidhaa, kipimo, bei, salio, kisha anaifungulia AppSheet jedwali hilo. Zana inavisoma vichwa, inatambua ipi ni safu ya fedha na ipi ni ya idadi, na baada ya kitambo kidogo inamtolea orodha na fomu zinazofunguka katika simu janja. Anaongeza kanuni moja: salio la saruji likishuka chini ya mifuko 20, ujumbe uende kwa tajiri. Kabla ya magharibi programu imekwisha kuanza kazi.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na asiyeisifu hajui taabu ya kungoja. Lakini tuseme saruji iliyobaki ni mifuko 40, na mtandao umekatika. Muuzaji wa kituo cha kwanza anauza mifuko 30; simu yake inapunguza na kuandika kwamba salio ni 10. Muuzaji wa kituo cha pili, ambaye simu yake nayo ingali ikionyesha 40, anauza 25 na kuandika 15. Mtandao unaporejea simu zote mbili zinapeleka habari zao, na aghalabu ya mwisho kufika ndiyo inayobaki.

Jedwali sasa linasema kuna mifuko 15 ghalani. Kweli ni kwamba duka limeuza mifuko 55 katika 40, na kwamba linadaiwa mifuko 15 na wateja waliokwisha kulipa. Tarakimu ni ile ile, maana yake imegeuka. Na ujumbe uliofika kwa tajiri, kwa kuwa 15 ni chini ya 20, unamwambia aagize saruji kidogo, ilhali wateja wake wanajongea na malori.

> Jedwali linasema kuna mifuko 15 ghalani. Kweli ni kwamba duka linadaiwa mifuko 15.

Dawa ya maradhi haya ilijulikana kabla ya kompyuta kuzaliwa. Karani wa stoo aliyefunzwa kazi yake haandiki salio kama neno la kwanza. Huandika kilichoingia na kilichotoka, tarehe, na mkono uliopokea, kisha salio hulipata kwa kujumlisha. Programu ikipangwa hivyo, kila mauzo yakiwa mstari wake na salio likiwa hesabu badala ya kitu kinachoandikwa juu ya kingine, simu mbili zitakapopeleka habari zao hakuna itakayoifuta nyenzake, na jedwali litaonyesha pungufu 15. Kosa la mauzo halitakuwa limezuiwa, lakini litakuwa limeonekana, na lionekanalo hurekebishika kabla mteja hajafika.

Zana ile ile huweza kuunda programu ya namna ya kwanza na ya namna ya pili kwa wepesi ulio sawa. Haimzuii karani asikosee, wala haimwambii kwamba yako maarifa mengine aliyopaswa kuwa nayo kabla ya kuanza. Na hapo ndipo penye kiini cha mambo, kwa kuwa kazi iliyoondolewa ni ile ya kuandika msimbo, na kazi ya kufikiri jinsi habari zinavyopaswa kutunzwa imebaki pale pale ilipokuwa, ikimngoja mtu ambaye mara nyingi hakuambiwa kwamba inamngoja.

Hoja za wenye haraka

Wanaozitetea zana hizi wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba mwenye kujua kazi ndiye mwenye kujua haja. Ofisa wa mauzo anapomweleza fundi anachokitaka, fundi huelewa nusu, huunda robo, na huleta kitu ambacho ofisa hakukiomba. Ofisa naye anapokiunda mwenyewe, anaona palepale kwamba alisahau kuandika mauzo ya mkopo, na anaongeza safu yake bila ya kuandikiana barua na mtu.

Hoja ya pili ni ya foleni. Katika kampuni kubwa idara ya TEHAMA ina mafundi wachache na maombi mengi, na maombi madogo, kama fomu ya ruhusa ya likizo au orodha ya magari yanayotakiwa kufanyiwa matengenezo, huwa ya mwisho siku zote, mpaka walioyaomba wakakata tamaa wakarudi kwenye karatasi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi kwetu. Biashara nyingi za Afrika Mashariki ni ndogo, hazina fundi hata mmoja na hazina fedha za kumwajiri. Anayemlaumu mwenye duka kwa kutumia programu isiyo na kipimo cha kitaalamu hana budi kutazama kile ambacho programu hiyo imekiondoa: oda zilizotapakaa katika mazungumzo ya WhatsApp, picha za ujumbe wa malipo ya simu zilizohifadhiwa pamoja na picha za harusi, na daftari ambalo likilowa maji madeni ya mwaka mzima yamekwenda. Kwa biashara ya namna hiyo programu ya mhandisi haimo kabisa katika chaguo zilizopo. Mashindano ni baina ya programu ya karani na fujo.

Hoja za wenye hadhari

Kwa upande wa pili wako wahandisi na wakaguzi wa hesabu, nao hawasemi kwa wivu wa kupokonywa kazi. Wanaelekeza kidole kwenye lahajedwali, kwa kuwa ndiyo iliyoishi miaka mingi mikononi mwa wasio mafundi, na kwa hiyo ndiyo yenye ushahidi mwingi.

Mwaka 2020, katika kipindi cha Septemba 25 hadi Oktoba 2, wagonjwa 15,841 wa Korona nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu ya kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakipakiwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, na kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa; faili ilipojaa, waliobaki waliachwa nje, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati.

Benki ya JPMorgan Chase nayo, mwaka 2012, ilipata hasara iliyozidi dola bilioni 6 katika biashara iliyoendeshwa na ofisi yake ya London. Sababu zilikuwa nyingi, na za kwanza zilikuwa za wanadamu walioruhusu hatari ikue. Lakini ripoti ya benki yenyewe, iliyotolewa Januari 2013, ilieleza kwamba kipimo kipya cha hatari kilipitishwa katika lahajedwali kadhaa, tarakimu zikinakiliwa kwa mkono kutoka moja hadi nyingine, na kwamba katika fomula moja kiasi kiligawanywa kwa jumla ya viwango viwili badala ya wastani wake. Kosa dogo kama hilo lilikuwa na athari ya kuifanya hatari ionekane ndogo kuliko ilivyokuwa.

Mhandisi naye hukosea, na orodha ya makosa ya programu zilizoandikwa na mabingwa ni ndefu mno. Tofauti iliyopo ni ya desturi. Mhandisi amefunzwa kuijaribu programu yake kabla ya kuwapa watu, kuhifadhi kila toleo ili aweze kurudi nyuma, kumwonyesha mwenzake kazi yake, na kutofanya majaribio juu ya data za kweli. Zana nyingi za msimbo haba zinayawezesha haya yote. Lakini karani hakuambiwa kwamba yapo, na tajiri hakumpa muda wa kuyafanya.

Wakaguzi huongeza jambo ambalo halionekani mpaka lishatokea. Karani ameiunda programu kwa akaunti yake binafsi ya barua pepe, ile ile anayowasiliana nayo na jamaa zake. Anapata kazi bora mahali pengine, anaagana na watu kwa wema, anaondoka. Na miezi michache baadaye, programu inapokwama kwa jambo dogo, wenye duka wanagundua kwamba madeni yao, bei zao na nambari za simu za wateja wao ni mali ya akaunti ya mtu ambaye si mwajiriwa wao. Hakuna aliyetenda dhuluma katika habari hii. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

> Wenye duka wanagundua kwamba madeni yao, bei zao na nambari za simu za wateja wao ni mali ya akaunti ya mtu ambaye si mwajiriwa wao.

Mpangaji na mwenye nyumba

Iko hatari nyingine ambayo haitokani na karani wala tajiri. Anayeunda programu katika zana ya kampuni nyingine ni mpangaji katika nyumba ya mtu: anaweza kuipaka rangi na kupanga vyombo apendavyo, lakini kodi hupandishwa na mwenyewe, na siku mwenyewe akitaka kuibomoa mpangaji hana la kumzuia nalo ila kuomba muda.

Google iliwahi kuwa na zana iitwayo App Maker, iliyotolewa kwa biashara zinazotumia huduma zake za ofisini. Mwezi wa Januari 2020, ilipoinunua AppSheet, ilitangaza pia kwamba App Maker itafungwa, na ilipofika Januari 2021 programu zilizoundwa humo zikakoma. Data zilizokuwa katika hifadhidata ziliweza kusalimika. Lakini programu zenyewe hazikuweza kuhamishwa, na waliozitegemea walilazimika kuanza upya. Amazon nayo ilizindua Honeycode mwezi wa Juni 2020, ikaifunga Februari 29, 2024.

Kampuni hizo ni miongoni mwa tajiri kupita zote duniani, na hazikufunga kwa kufilisika, bali kwa kuona kwamba faida iko kwingine. Mfanyabiashara wa huku, ambaye ada zake hutozwa kwa dola kwa kila mtumiaji kila mwezi ilhali mapato yake ni ya shilingi, ana sababu maradufu ya kujiuliza, kabla hajaandika jina la bidhaa ya kwanza, jinsi atakavyotoka.

Sheria imekwisha kufika

Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya hiari, na kwamba duka dogo halihusiki na maneno makubwa ya ulinzi wa taarifa. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia na sharti la wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kujisajili.

Chini ya sheria ya Kenya, taarifa za watu zikivuja kwa namna iwezayo kuwadhuru, mwenye kuzitunza anatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu kujua. Na faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kadiri iliyo ndogo. Sheria za nchi zote mbili zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya mipaka, na zana tunazozizungumzia huhifadhi data katika seva ambazo aghalabu ziko nje.

Ni vizuri kutafakari maana ya saa 72 kwa tajiri ambaye hajui programu ngapi zinatumika katika biashara yake. Hawezi kuarifu juu ya kuvuja kwa kitu ambacho hakujua kuwa anacho. Na sheria, inapomtazama, haitamwuliza karani aliyeunda fomu, bali itamwuliza yeye ambaye biashara ni yake.

Na akili mnemba je?

Yupo atakayesema kwamba mjadala huu umekwisha kupitwa, kwa kuwa siku hizi mtu huielezea akili mnemba kwa maneno yake mwenyewe kile anachokitaka, nayo ikamwandikia msimbo mzima bila ya kuburuta kisanduku hata kimoja. Ni kweli kwamba njia hiyo imefunguka kwa kasi ya ajabu, na inaelekea kuwafikia watu wengi kuliko zana zote zilizoitangulia.

Lakini maswali hayakubadilika, yamezidi uzito. Mwezi wa Julai 2025 wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyekuwa akiunda programu kwa msaada wake, ilhali alikuwa ameamriwa asibadili chochote, na mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi hadharani. Mwenye kuburuta visanduku anaweza angalau kuviona visanduku vyake na kuvieleza kimoja kimoja. Mwenye kupokea kurasa za msimbo asioweza kuusoma ameongezewa nguvu na kupunguziwa macho, na kwa hiyo anahitaji mpango wa dhamana kuliko mwenzake.

Masharti ya dhamana

Kati ya wenye haraka na wenye hadhari, mwandishi huyu anawaunga mkono wa kwanza katika haki ya kuunda, na wa pili katika masharti ya kuunda. Kuwarudishia mafundi peke yao uwezo huu kungekuwa kuwadhulumu maelfu ya watu wenye akili na maarifa ya kazi yao, ambao kwa mara ya kwanza wamepata chombo cha kuyatia maarifa hayo katika matendo. Kuwaachia bila ya masharti ni kuwatwika mzigo wasioujua, na kuwahatarisha wateja ambao hawakushauriwa.

Masharti yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Akaunti ya kuundia iwe ya biashara, na funguo zake ziwe kwa watu wawili. Liwepo daftari moja, hata la karatasi, lenye orodha ya kila programu inayotumika, jina la aliyeiunda, jina la anayeijibia sasa, na aina ya taarifa za watu zilizomo. Programu inayogusa fedha au taarifa za wateja isomwe na mtu wa pili kabla ya kuanza kutumika, ajaribu kuifungua akiwa hana ruhusa aone inampa nini, na aikatie mtandao aone inahesabu nini. Mwisho wa kila mwezi nakala ya data itolewe katika faili iwezayo kusomwa na zana nyingine, ikahifadhiwe mbali na zana yenyewe.

Vyuo vya biashara navyo vina wajibu. Mwanafunzi wa uhasibu hufundishwa kwa nini leja huandikwa kwa utaratibu wake, na mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa kwa nini hifadhidata hupangwa kwa utaratibu wake, kila mmoja katika darasa lake, ilhali anayehitaji masomo yote mawili ni karani yule ambaye kesho atakabidhiwa simu na kuambiwa aunde. Somo moja la muhula mmoja, linalofundisha jinsi ya kupanga majedwali, kutoa ruhusa na kujaribu kanuni, lingezuia hasara nyingi kuliko semina kumi za wauzaji wa zana.

> Kuwarudishia mafundi uwezo huu ni dhuluma. Kuwaachia wengine bila ya masharti ni dhuluma ya pili.

Kwa tajiri, wajibu ni mfupi zaidi, na hauhitaji ajue chochote kuhusu kompyuta. Kabla ya kuiruhusu programu yoyote ianze kazi katika biashara yake, na amwulize aliyeiunda maswali matatu: nani anaweza kuziona taarifa hizi, tutajuaje ikikosea, na tutafanyaje siku wewe au zana hii mtakapokuwa hampo? Akijibiwa yote kwa maneno anayoyaelewa, na aitie sahihi yake katika daftari pamoja na ya karani, kwa kuwa kuanzia hapo dhamana ni ya wote wawili. Asipojibiwa hata moja, programu ingoje, na karani apewe muda, kwa malipo, wa kulitafuta jibu.